Nina Vyuma Mgongoni, Mume Wangu Hataki Nifanye Kazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo hata dada yangu sijamwambia. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka miwili mgongo ulinitesa mpaka mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikawa naenda chooni kwa kutambaa au mume wangu anibebe, hadi daktari akanipasua akanifunga skrubu nne na fito mbili za chuma ili mifupa iungane, na baada ya mwaka picha ikaonyesha imeungana, akasema, "Mama, rudi kazini, ila usibebe vizito," nikalia palepale kwa furaha. Lakini mume wangu alikuwa safarini, hakuyasikia kwa masikio yake, na sasa ananilinda kama yai, hata birika sinyanyui, na mama mkwe kila akija ni, "Vyuma hivyo vitashika kutu, vitolewe!" Basi nikadanganya. Wiki ya sita sasa naaga naenda mazoezi ya viungo, kumbe niko kwenye cherehani. Jumamosi nilisimama kutwa nikikata magauni ya kwaya, sikusikia maumivu hata chembe! Jioni mume wangu akaniambia, "Mke wangu, mazoezi yamekukubali, umenawiri." Nikacheka, kisha nikaona haya. Nifanyeje?
Fundi Wima

Fundi Wima, hongera! Kutoka kutambaa hadi kusimama kutwa si mchezo. Sasa nikukaripie. Mtu aliyekubeba hadi chooni unamdanganyaje? Haogopi vyuma huyo, anaogopa kukuona tena sakafuni. Mwambie leo, kabla jirani hajakutangulia, bila visingizio. Akikasirika, mwache, ana haki. Kisha nendeni wote kwa daktari, na mama mkwe pia. Vyuma hivyo vimetengenezwa vikae mwilini, na kwa kawaida havitolewi kama havisumbui, lakini hilo walisikie kwake. Nawe usilewe ushindi: kusimama kutwa nani alikuruhusu?

Kabla sijatuma majibu haya, ujumbe wa Fundi Wima umeingia: "Nimeshindwa kungoja, nimemwambia. Alivaa viatu akatoka, nikajua yamenikuta. Akarudi na mama yake, tukaenda hospitali. Mama mkwe ameiona picha, akapiga kigelegele mbele ya daktari, na sasa anauliza gauni lake nitalishona lini!"

Mpime kesho, mama. Kitambaa abebe mumeo.