Taulo Chini ya Kichwa cha Popo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakusihi usiniambie nisali tu, maana nimeshasali na jambo liko palepale. Mimi ni mpimaji wa macho, nafanya kazi na madaktari wanaochunguza kwa nini watu wanaokaa angani miezi mingi hurudi macho yakiwa na ukungu, na kwa kuwa hatuwezi kuwafuata huko juu, tunawalaza watu wa kujitolea vitandani siku thelathini, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, ili damu na maji ya mwili yapande kichwani kama inavyotokea angani, na kila asubuhi nawapiga picha za ndani ya jicho kuona kama mshipa wa fahamu umevimba. Walikuwa kumi, watano wamefungwa mikanda mapajani ya kuzuia damu isikimbilie juu, na sharti kubwa ni hakuna mto wala kuinua kichwa, hata kula wanakula wamelala.

Sasa mmoja wa wenye mikanda, mwalimu wa hesabu, tulimpa jina la Popo kwa kulala kichwa chini, mcheshi kweli, ila wiki ya pili shingo ilimkamata akawa anatokwa na machozi kimya kimya, akaniambia, "Dada yangu, nihurumie, hata kidogo tu," moyo ukanilainika, nikakunja taulo nikamwekea chini ya kichwa baada ya chakula cha mchana, nikidhani ni siku moja, ikawa kila siku mpaka mwisho, kwa muda wa saa tatu nzima, wenzake wako nyuma ya mapazia hawaoni. Picha zake zikatoka safi kuliko za wote, na Daktari wetu Mkuu, mama aliyenifundisha kazi hii na ananiita mwanangu, akanikumbatia akisema mikanda imefanya kazi, ripoti ameshaandika, wiki ijayo anaikabidhi. Jana walikuja wasafiri watatu wa angani kupimwa kabla ya safari ya miezi minane, na mmoja wao, mama wa watoto wawili, akaushika ule mkanda akaniuliza, "Kwa hiyo nikivaa huu macho yangu yatakuwa salama?" nikamjibu ndiyo. Nikisema ukweli nafukuzwa na Daktari anaaibika, nikinyamaza roho inanisuta. Nifanyeje?

Mpimaji

Mpimaji,

Pole. Kumtazama mtu mzima akilia huku umekatazwa kumsaidia si jambo dogo, na taulo la siku ya kwanza silihesabu. La siku ya pili nalihesabu. Shingo ikimkaza mtu, daktari wa zamu yupo, na Popo alikuwa na ruhusa ya kujitoa. Wewe ukajipa udaktari, uuguzi na umama kwa mpigo mmoja. Na huyo mwalimu wa hesabu naye, hakujua kwamba ukichezea namba moja jawabu lote linaharibika?

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu. Umeomboleza sana kuhusu taulo, na lile neno "ndiyo" umelipitia juu juu. Taulo lilikuwa huruma. "Ndiyo" ilikuwa uongo, tena kwa mtu aliyekuuliza ana kwa ana.

Unasema Daktari ataaibika. Afadhali aaibike wiki hii, ofisini, mkiwa wawili, kuliko baada ya miezi minane wale watatu wakishuka wanapapasa ngazi. Usifanye mapenzi yake kuwa kichaka cha kujificha.

Kesho asubuhi, kabla hajaanza kazi, gonga mlango wake. Nenda na karatasi: ulianza siku gani, saa ngapi kwa siku, ulimaliza lini. Usianze na machozi, maana atakubembeleza na mtasahau kilichokupeleka. Mwombe amtoe Popo kwenye hesabu, awaangalie wale wanne wengine wenye mikanda peke yao. Huenda mikanda inasaidia, huenda haisaidii. Mimi sijui, wewe hujui, na hapo ndipo penye hatari. Popo naye mwambie mapema kwamba unakwenda kusema, asisikie kwa watu. Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi, na itakuuma.

Ukitoka humo ofisini, hata kama umeshafukuzwa, mtafute yule mama wa watoto wawili. Mwambie, "Nilikujibu vibaya. Bado hatujui." Atakasirika. Mwache akasirike, mradi akiamua kupanda, apande akijua.