Mchaga Aliyeikataa Helikopta ya Mirihi

Mtani wangu Eliamani,

Natangaza rasmi, mbele ya Wapare wote wa Thamesmead hapa Uingereza, yaani mimi peke yangu, kwamba kiti chako cha mbele ya televisheni kimepata mwenyewe mpya. Maombolezo yawe mafupi.

Sasa habari za ibada yako ya kuagwa, maana ulikuwepo lakini hukuchangia mazungumzo. Shemeji Ndeshi, mjane wako, alikuwa hajasema neno tangu ulipokata roho. Hali chakula, halii, anatazama ukuta. Niliogopa atakufuata. Basi nikafanya kazi ya mtani msibani, kutania mpaka wafiwa wacheke. Jeneza lilipokuwa linatolewa kanisani Peckham kwenda uwanja wa ndege, nikasimama mlangoni, nikasema husafiri kwenda Kilimanjaro mpaka ukiri kwamba ile helikopta ya roboti iliruka kweli kule kwenye sayari ya Mirihi. Si ulisema, "Hewa ya kule ni kama nyama kwenye supu ya hospitali, ipo kwa jina tu. Itajishikiza wapi?" Nami kila siku nikakueleza: helikopta yenyewe ni nyepesi, mapanga yake yanazunguka kwa kasi mno. Nilimaliza vitabu vya maktaba kwa ajili ya ubishi wako.

Wabeba jeneza, Waingereza wa watu, hawajui utani. Wakanishika mkono, wakaniambia taratibu kwamba huzuni ina namna nyingi.

Ndipo shemeji akasema, "Mwacheni. Marehemu alijua iliruka. Alipenda tu kumwona Mpare akitokwa na povu kama yuko kortini."

Akacheka, Eliamani. Kisha akalia vizuri, na jioni akaomba mtori, ile supu yenu ya ndizi na nyama.

Ulijua. Miaka yote ile, ulijua. Mshenzi wewe, nani sasa atanibishia?

Lakini sikia, hata kalamu haitulii. Inaundwa helikopta nyingine, kubwa kama gari, ya kwenda Titani, mwezi wa sayari ya Zohali. Kule hewa ni nzito kuliko ya kwetu na vitu ni vyepesi, hata Mchaga mwenye tumbo lako akifungwa mbawa mikononi ataruka. Itatua, itachimba kidogo, itaruka tena mbali. Shemeji ameanza kuuliza maswali, na ubishi wake umekuzidi.

Pumzika, mtani. Nakuahidi siku itakapotua nitakuwa hapa na shemeji, nimweleze kila kitu, tukucheke kwa sauti.

Ikisharushwa, safari ni miaka sita hivi. Bado haijarushwa. Mimi mwezi ujao natimiza themanini na nne.