Kona Tupu ya Picha

Jumatatu, 8 Juni

Rezo ya intaneti imekatika tena. Inaleta nusu ya picha, kisha inalala. Nimefunga mashini, kompyuta yangu, kwa hasira, nikaifungua mara moja kuangalia kama sikuvunja kioo. Haikuvunjika.

Profesa mumoja wa juri, wale wenye kupima teze yangu ya udokta, ameandika. Promoteri, mwenye kusimamia teze yangu, amenitumia maneno yake bila kuongeza hata moja. Hiyo iliniumiza kuliko maneno yenyewe. Eti sura ya tatu haimushawishi.

Sura ya tatu ndiyo teze yote. Nairudilia hapa kama mutoto wa shule, labda nitatulia. Kundi langu: galaksi mamia, zimekaa pamoja. Katikati yao gesi ya moto, mamilioni ya digri. Macho haiioni. Lakini inatoa mionzi ya X, ile ya kupigia picha ya mifupa ku hopitali. Satelite inapiga picha kule juu, mi naisoma hapa Baraka, mu chumba cha nyuma cha mama. Na nimeona kwamba pembeni ya kundi gesi inakatika gafla. Hakuna muntu aliuona ule mwisho kabla yangu.

Haimushawishi. Basi abaki vile.

Jumanne, 9 Juni

Nimerudilia hesabu. Gesi nimeigawa mu maduara, kutoka katikati mpaka pembeni; duara ya mwisho inatoka na joto ya kichaa, chini sana. Siku zote nilijiambia: ni ugunduzi huo. Leo sina hakika. Nachukia kukosa hakika.

Mama ameleta kitenge. Bluu, maua ya njano. Amekatia kila muntu kipande: dada zake, bajirani, hata mama wa Ubwari mwenye kumuletea ndagala, samaki ndogo za ziwa, kwa mutumbwi. Siku ya kudefandre, kutetea teze mbele ya juri, wote watavaa moja, maana ndiyo desturi, na mama hawezi kukubali familia ingine itushinde. "We utakuwa dokta wa kwanza wa hii nyumba. Tuje na nguo za kila rangi sawa bantu ya kuokotwa?"

Nilicheka. Ndani nilitaka kulia. Ku université walishasema wazi: teze isipoisha huu mwaka, nafasi yangu ya asistan, kazi ya kufundisha pale, itapewa mwingine.

Ijumaa, 12 Juni

Hakuna kuran, umeme, tangu jana. Nimeandika jibu kwa juri na kalamu. Kali. Limenipendeza.

Nimemueleza bintu yenye anapashwa kujua. Picha ya anga inakuja na uchafu: mwangaza unaotoka kila upande wa mbingu, na kelele ya kamera yenyewe. Lazima uutoe, ubaki na gesi peke yake. Kwa hiyo unachagua mahali ndani ya picha pasipo na gesi, unapima uchafu pale, unautoa ku picha yote. Mi nilichagua kona ya juu, kushoto. Kona tupu. Miaka mingi naiangalia ile kona. Naijua sawa mulango wetu.

Kuniuliza kama iko tupu ni kunitukana. Macho niko nayo.

Jumamosi, 13 Juni

Fizi. Nimetumwa kupeleka kitenge ya Tanti Zabibu, dada mudogo wa mama. Mimi, mwenye teze inawaka moto, nimepanda milima na pikipiki ya kukodi sababu ya kitambaa. Vumbi mpaka mu meno.

Tanti alinikumbatia, kisha akageuza uso. "Unanuka ndagala, mwanangu. Enda uoge kwanza."

Nilikasirika kabisa. Nilioga asubuhi. Nguo ni safi, sikugusa samaki hata moja. Nilinusa mukono, nikanusa kola. Hakuna kitu. Nikamuambia Tanti pua yake ni ya kiburi, bantu ya milima ndiyo vile. Akacheka, akanipa maji ya moto.

Nilikula sombe, majani ya muhogo, vizuri. Hapa hewa ni ya baridi. Nimelala mapema bila kufikiria duara hata moja.

Jumapili, 14 Juni

Nimeshuka. Mbele ya kuona nyumba ya kwanza ya Baraka, mbele hata ya kuona ziwa, harufu ikanifikia. Ndagala. Nzito, ya kushika koo. Nilimuambia motari, mwenye pikipiki, asimame. Alifikiri nataka kutapika.

Nimezaliwa mu ile harufu. Kila siku mama anaanika ndagala pa muchanga, na mimi nilikuwa naita ile hewa safi.

Kona yangu.

Kundi langu liko karibu, ni kubwa. Picha ni ndogo. Nani aliniambia kundi linaisha ndani ya picha? Hakuna. Nilipima uchafu mu kona yenye ilikuwa ingali ndani ya gesi. Nikaita gesi uchafu, nikaitoa kila mahali. Katikati, penye gesi ni nyingi, kosa halikuonekana. Pembeni, penye iko kidogo, niliimaliza yote. Ndiyo maana inakatika gafla. Ni mimi niliikata.

Motari aliniuliza kama niko muzima. Nilimujibu ndiyo. Nilimudanganya.

Jumatatu, 15 Juni

Natafuta picha ya anga tupu ya kweli, upande mwingine kabisa, mbali na kundi lolote. Satelite ileile, kamera ileile. Iko, naona jina lake. Haishuki. Rezo inakatika, naanza upya, inakatika. Nimetukana simu, nimetukana antena, nimemutukana jogoo wa jirani ambaye hana kosa.

Imeingia saa ya magaribi. Sijaifungua. Naogopa.

Jumanne, 16 Juni

Nimeifungua. Nimetoa uchafu wa kweli.

Hakuna mwisho. Gesi inapungua polepole, vizuri, mpaka ku pindo la picha, na inaendelea inje. Duara ya mwisho imepata joto yake ya haki. Kila kitu kinapatana. Sijawahi kuona hesabu nzuri vile, na inanimaliza.

Naandika na hii pia, maana ni mimi peke yangu nitaisoma: nilifikiri kunyamaza. Ni muntu mumoja tu mwenye mashaka. Jibu langu kali liko tayari. Kitenge imeshakatwa. Nikinyamaza, nadefandre, naitwa dokta, na nafasi yangu inabaki. Nilifikiri hivi mchana muzima. Nilichoma ugali.

Jumatano, 17 Juni

Nimechana lile jibu. Nimemuandikia promoteri ukweli wote, na picha mbili.

Amejibu haraka: "Kosa ni kubwa. Andika upya sura ya tatu. Siku ya kudefandre nimeifuta." Chini yake akaongeza: "Afadhali we mwenyewe kuliko wao." Nafasi ya asistan hakuigusa. Najua maana yake.

Nimekasirika na bote. Na mimi zaidi.

Alhamisi, 18 Juni

Nimeshuka pa muchanga asubuhi kumuambia mama. Alikuwa anageuza mistari ya ndagala. Hakusimama, nami nikaeleza nikimufuata nyuma, mustari kwa mustari. Siku imefutwa. Kazi labda imeenda. Kosa ni langu, hakuna mwingine.

Akamaliza mustari wake, akauliza: "Kwa hiyo ile gesi haina mwisho?"

"Iko nao, mama. Lakini si pale nilisema. Pale bado ilikuwa ndani."

"Sasa unajua?"

"Sasa najua."

Akageuza mustari mwingine. "Kitenge si ndagala. Haiozi."

Nimevua viatu, nimemusaidia. Jua lilikuwa limetoka, samaki zimeanza kukauka vizuri. Niliinama karibu kabisa, nikavuta pumzi. Sikusikia harufu yoyote.