Jani la Mahindi kwa Kiwavi wa Mlimao

Mpendwa Yeyo, mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Asubuhi ya leo nimecheka jikoni mpaka chai ikafurika na kumwagika, na wa kulaumiwa ni wewe. Ngoja nikueleze.

Mjukuu wako Neema anafuga kiwavi. Ndiyo, kiwavi, ndani ya nyumba, hapa Elerai! Alimkuta kwenye mlimao wa getini, akamtia kwenye kopo, akalifunika kwa kipande cha chandarua. Akirudi shule, hata sare hajavua, anakwenda kumchungulia. Anapumulia wapi? Analala? Anajua kwamba atakuwa kipepeo? Mimi mwalimu wa sayansi, na nusu ya maswali yake sina majibu. Nafurahi hivyo hivyo.

Najua ungesema nini, maana mimi uliniambia kule Kisongo nilipokuwa na umri wake. "Wee mtoto! Mimi nawaua shambani, wewe unawafuga chumbani?"

Ulikuwa na haki. Mwaka ule viwavi walivamia mahindi yetu. Ulishinda shambani ukiwabana kwa vidole mmoja mmoja. Nyumbani kwetu kiwavi alikuwa njaa yenyewe. Mimi nami, bila haya, nikaja na wangu kutoka mlimao wa jirani, kadogo, kenye mabaka kama kinyesi cha ndege. Nililia nikikuomba nibaki naye. Nilitaka kumwona akigeuka kwa macho yangu mwenyewe.

Hukunichapa. Ulifikiri kidogo, ukaenda kukata jani la mahindi, ukalitia ndani ya kopo.

"Alale nalo. Akiligusa tu, anatoka yeye na kopo lake. Asipoligusa, basi si wale. Akae."

Nililala roho juu, kopo chini ya kitanda. Asubuhi uliniamsha mwenyewe, kopo mkononi. Jani lilikuwa pana, la kijani, hata tundu moja hamna, na tone la umande juu yake. Nilikukumbatia miguu kwa furaha, na nakumbuka kitenge chako kilikuwa kimelowa pindoni.

"Umeshinda," ulisema. "Sasa mlishe, asije akafa njaa kwangu."

Tulimlea pamoja, usikatae. Wewe ndiye uliyeniletea majani laini ya mlimao. Siku alipotoa vile vipembe vyake vya rangi ya chungwa, vinavyonuka, uliruka nyuma. "Uwii! Huyu ana pembe!" Na alipotoka kipepeo, mweusi mwenye madoa ya njano, uliacha kumkamua ng'ombe ukaja kumwona. Tangu pale sijaacha kuuliza maswali, na kila darasa jipya nalisimulia habari za jaribio langu la kwanza. Kiwavi mmoja, jani moja, jibu lisilo na ubishi.

Jana nikamsimulia Neema. Akataka naye ajaribu, basi tukaomba jani la mahindi kwa jirani. Leo asubuhi akanivuta kanga.

"Mama, hajaligusa. Ila mbona limenyauka? Na lenu lilijikunja hivi?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Hapo nikakumbuka.

Letu lilikuwa na umande, Yeyo. Umande, ndani ya kopo, chini ya kitanda! Na kitenge chako kimelowa!

Ulichakachua, mama! Ulitoka kabla sijaamka ukaingia kwenye mahindi yaleyale yaliyokuwa yakiliwa, ukakata jani jingine ili mimi nisilie. Sijui kama lile la kwanza ulilitazama au uliogopa kulitazama. Na wala hukuwa na haja! Kiwavi wa mlimao hali mahindi hata umpigie magoti.

Nilicheka, halafu machozi yakaja. Neema akawa ananitazama, ikabidi nimweleze yote. Akafikiri.

"Kwa hiyo Bibi Koko alitaka tu ushinde."

"Alitaka nishinde," nikamjibu.

Darasani sijui nitasema nini sasa. Labda nitasimulia vilevile, niongeze na kitenge. Kiwavi wetu ananona, kopo liko dirishani. Siku akiruka nitasimama getini nikuite kwa sauti, majirani wacheke wakitaka. Nakupenda, Yeyo. Pumzika kwa amani, mimi sina swali lingine kwako.

Mwanao uliyembeba,
Mama Neema