Kandambili Mlangoni

Baba Liway,

Sikuulizi hali, wanaokuona huko Cebu na mkeo mpya wananisimulia.

Huku tumeshavuna mpunga. Mama yako bado anamsema mwanetu: "Jiwe hilo! Hata kuamkia halijui." Neno hilo ni lako, ulituachia ulipoondoka.

Basi jiwe lako, kwa miaka minne tangu uondoke, kila jioni saa kumi na moja lilipanga kandambili zako mlangoni, zikitazama ndani, uingie uvae. Tukizigusa, analia mpaka anatapika.

Jana alizigeuza zikatazama barabarani.

"Mbona hivi, mwanangu?"

"Baba kaenda," akasema, akaniegemea mgongoni. Hajawahi kuniegemea.

Ukipita, zichukue hapo hapo nje. Usibishe hodi.

Celerina,
mama wa jiwe