Kifuniko ya Chantal

Stanislas, ubakie kwanza huko Mumosho. Chantal ameona diviseur yetu, ile sahani ya kugawanya meno.

Aliingia mu atelier, akakuta mimi na Mardochée tunakata pinyo, ile gurudumu ndogo ya meno, ya mashini yake ya kusaga. Tunasogeza tundu moja, tunakata jino moja. Kazi safi kabisa. Yeye anaangalia tu ile sahani ya matundu.

«Gaston, hii iko nini?»

Nikamuambia iko aluminium ya ndege, pilote moja aliniachia kule Kavumu.

«Ndege gani iko na mukono wa sufuria?»

Mukono, Stanislas. Matundu yote nilitoboa sawasawa, mukono nikasahau kuukata. Mardochée alicheka mpaka akakaa chini.

Chantal akafungua bulo yenye iliishika, akabeba kifuniko yake, akafunika nayo maharagi. Mvuke ikatoka ku kila tundu, na maharagi haikumwangika hata kidogo. Sasa anasema hairudishi tena, iko muzuri kuliko mbele ya kutobolewa.

Na pinyo imebakia nusu meno.

Sufuria kubwa ya bibi yako, kifuniko yake iko na upana gani? Pima polepole. Akiuliza, umuambie habari ya ndege.