Fataki Mpya za Baba

Louisville, Juni 2015

Dada Dafroza,

Poleni na kazi huko Buffalo. Nimemaliza shule. Dative, mke mpya wa baba kutoka Columbus, ana mimba ya miezi mitano.

Unajua Jumamosi mimi na baba hujaza upya maganda ya risasi za bastola yake. Juzi alinunua fataki za kuwashia baruti zisizo na madini ya risasi.

"Zile za zamani zina sumu," alisema. "Mtoto asidhurike."

"Na mimi, miaka minne hii?"

"Wewe si mzima kama ndama?"

Nilianza nikiwa na miaka kumi na minne, dada.

Jana, Jumamosi, nilisingizia kuumwa kichwa, nikangoja baba aniite kazini kwetu. Alimwita Dative, naye Dative akakalia kiti changu, akamsomea baba mizani ya baruti.

Mdogo wako,
Kostansia